Sehemu ya Ibra Ianzie Ngapi

Jumatano. Soko la wanawake limeshafungwa,
mimi na Biju tumebaki dukani kwake, Ibra,
kiyoyozi kikikohoa kama mtu anayedaiwa.
Kurasa mia mbili na kumi na nne za shangazi Thuwaiba
zimo kwenye skrini, na zote, tangu jalada,
zimejipanga moja, mbili, tatu,
kama watoto wa chuoni mbele ya bakora.

Shangazi hataki hivyo.
Dibaji anaitaka kwa namba za Kirumi,
zile ndogo, zenye nukta vichwani.
"Zinanikumbusha kunguni," asema,
"lakini kitabu bila hizo si kitabu."
Sehemu ya Wete ianze moja.
Ya Kiarabu, ya wajukuu, isomwe toka kulia,
na namba zake ziwe zile za kwenye vibao vya magari.
Sehemu ya Ibra, hapo hajasema.

Nilihangaika peke yangu usiku kucha.
Nikigusa ukurasa wa tisa, wa kwanza nao unageuka;
nikiweka Kirumi huku, kinaenea kote kama upele.
Nikasema hii mashine ina husuda.

Biju hakucheka.
Amepiga chapa tasnifu, hukumu, kadi za harusi;
Kiswahili chake kakiokota kwetu sisi wateja,
na kila mtu humwita mama, hata mzee Hilal.
"Mama, wewe umeweka mpaka wa ukurasa.
Huo pazia tu. Weka mpaka wa sehemu. Huo ukuta."
Kisha akabofya mara mbili chini kabisa ya karatasi,
pale jicho lisipofika ila limepotea njia,
pakatokea maneno ambayo miezi mitatu sikuyaona:
Sawa na iliyotangulia.
"Hii kwanza. Kata hii kwanza. Namba baadaye."

Nikampigia shangazi.
Sehemu ya Ibra ianzie ngapi?

Kimya. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.

"Nilipofika nchi hii nina miaka kumi na tisa.
Wete nilikuwa nafundisha hesabu, darasa la nne.
Huku wakaniweka na watoto: alifu, be, te,
goti linagonga dawati.
Walinianzisha moja, na hakuna aliyeniuliza.
Na kule nyuma hakukukatika, wewe!
Mchana nasahihishwa, usiku naota kwa Kiswahili,
naota naita mahudhurio."

Biju akanitazama, kidole juu ya kipanya.

"Wete imeishia ngapi?"
Tisini na saba.
"Basi Ibra ni tisini na nane.
Sikuzaliwa mara mbili, mwanangu.
Jino hili la dhahabu ni lile lile."

Kwa hiyo ukuta tukaujenga, na hesabu ikaupita:
Endeleza kutoka sehemu iliyotangulia,
kitone kimoja cheusi ndani ya duara.

Umebaki ukurasa wa bibi,
ule wenye jina lake tu katikati,
aliyebaki Pemba na kuzikwa Pemba.
"Usimwekee namba," shangazi akasema,
"si mfungwa."
Halafu, sauti imeshuka:
"Lakini asipotee hesabuni."

Nikamfasiria Biju. Akakuna kidevu.
Kumbe kipo kisanduku chake,
ukurasa wa kwanza uwe tofauti:
namba haiandikwi, ila inahesabiwa.
Akaweka alama, akachapa karatasi mbili za majaribio.
Ya bibi ilitoka nyeupe chini, safi.
Iliyofuata ilikuwa na kunguni wawili,
wamesimama wima, bega kwa bega:
ii.

Nilizishika zote mbili mpaka wino ukapoa.

Sehemu ya Kiarabu bado inakataa.
Namba zinatoka za Kizungu, tena upande wa kushoto.
Biju ametazama saa, amezima taa ya mbele.
"Kesho, mama," kasema.
Na riali mbili za leo
kaziandika kwenye daftari la mkono,
lisilo na namba hata ukurasa mmoja.